Maswali yenu kuhusu ndege: alfajiri ya Machi katika matete ya Ham Wall

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wetu walioko kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwishoni mwa Machi chama chao cha watazamaji ndege kitakwenda Ham Wall, kinamasi cha matete kilichoko Somerset, karibu na mji wa Glastonbury. Wakati huo majira ya kuchipua ndiyo kwanza yanabisha hodi: miti bado mitupu, matete bado ni yale makavu ya mwaka jana, na ndege ndio wanaotangulia na habari. Wasomaji wawili wametuandikia kutoka Voi na Kisangani kuhusu ndege hao hao wakiwa upande wetu.

Swali: Shikamooni. Tunatoka Bristol kwa magari matatu. Kiongozi wetu anasema tufike jua halijachomoza. Hiyo ni saa ngapi hasa, na tuvae nini? Mwaka jana miguu ilinifa ganzi, nikarudi garini hata saa tatu haijafika. (Msomaji, Bristol)

Jibu: Marahaba, dada. Tarehe 20 Machi jua huchomoza Somerset karibu saa 12 na dakika 20 asubuhi, na kila siku inayofuata huwahi kwa dakika mbili hivi. Mkiwa mmeshateremka garini nusu saa kabla ya hapo, mmefika kwa wakati. Lakini tazameni kalenda. Jumapili ya mwisho ya Machi, saa 7 usiku, saa za Uingereza husogezwa mbele kwa saa nzima. Safari ikiangukia Jumapili hiyo, jua litachomoza karibu saa 1 asubuhi kwa saa mpya, na aliyesahau kusogeza saa yake atawakuta wenzake wameshamaliza sehemu tamu kuliko zote. Simu hujirekebisha yenyewe. Saa ya gari mara nyingi haijirekebishi.

Sasa miguu. Mtembezi wa kawaida hupata joto kwa kutembea, lakini mtazamaji ndege husimama, tena alfajiri ambapo joto huwa kati ya nyuzi 0 na 5. Buti za mpira huzuia maji, baridi hazizuii. Wengi hudhani dawa ni kuzijaza soksi tatu, na hapo ndipo mambo yanapoharibika: buti linabana, damu haishuki vizuri vidoleni, na ile hewa iliyotakiwa kushika joto inakosa nafasi. Chukua buti zilizozidi saizi yako kwa namba moja, vaa soksi nyepesi kisha soksi moja nene ya sufu, na chini weka kitandiko cha sufu. Kwenye njia kuu ya Ham Wall buti za mpira si lazima hata kidogo, kwa kuwa njia hiyo ni tuta la reli ya zamani iliyofungwa mwaka 1966. Ni pana, ni tambarare na ardhi yake ni ngumu. Viatu vya ngozi vya kutembelea vinatosha, isipokuwa kama mvua imenyesha mfululizo. Suruali ya jinzi iache nyumbani, maana ikishanyonya umande haikauki mpaka jioni.

Koti lina jambo ambalo maduka hayakuambii. Livae nyumbani, fumba macho, kisha sugua mkono ubavuni. Likilia kwaru-kwaru, utakuwa ukilisikia lenyewe asubuhi nzima badala ya ndege. Kofia ya sufu ivutwe chini hadi juu ya masikio tu, isiyafunike. Chupa ya chai kila mtu abebe yake.

Swali: Nina miaka 67. Kila mwaka wenzangu husema wamemsikia yule ndege wa matete anayenguruma, mimi nasimama nao pale pale na sisikii kitu. Je, ni masikio yangu? (Msomaji, Bath)

Jibu: Shikamoo mzee wetu. Uwezekano mkubwa ni kwamba masikio yako hayana kosa. Umri hupunguza sauti za juu kwanza, zile nyembamba kama filimbi. Ndege unayemtafuta yuko upande wa pili kabisa: sauti yake iko chini ya hezi 200, na masikio ya mzee huisikia sawa na ya kijana. Huenda umekuwa ukitega sikio kwa sauti isiyo yake.

Ndege huyu ni wa jamii ya yangeyange na kulastara, mnene wa shingo, rangi ya manyoya yake ni ya matete makavu yenye michirizi myeusi. Sisi tumemwita ngojamaliko wa Ulaya. Halii kama ndege. Chukua chupa kubwa tupu, weka mdomo ukingoni, puliza polepole: *huuump*. Ndiyo hiyo. Dume hujaza hewa kooni, na ukiwa karibu utasikia mikoromo mifupi miwili mitatu anapovuta pumzi, kisha mivumo yenyewe, mitatu minne kwa kufuatana, kisha kimya cha dakika kadhaa. Hewa ikitulia, mvumo huo hufika kilomita kadhaa. Ndiyo maana wengi wanaousikia hudhani ni ng'ombe wa shamba la mbali au gari linalopita barabarani.

Fanya hivi. Fika kungali giza, kwa kuwa dume hunguruma zaidi kabla ya mapambazuko na mara nyingine jioni. Chagua siku isiyo na upepo, maana matete makavu yakianza kusuguana mvumo humezwa wote. Sogea mbali na magari yaliyozimwa karibuni, yanatoa vishindo wakati injini inapoa. Simama mahali pamoja dakika 15 bila kusema neno, mdomo ukiwa wazi kidogo ili usisikie pumzi yako mwenyewe puani. Usitegemee rekodi ya simu kujifunzia: spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti za chini namna hiyo, kwa hiyo unachokisikia ni mikoromo bila mvumo. Tumia vifaa vya masikioni.

Ukishamsikia utataka kujua yuko wapi, na hapo utachanganyikiwa, kwa sababu sikio la binadamu halioni vizuri upande zinakotoka sauti za chini. Dawa yake ni watu wawili. Mmoja abaki, mwingine aende mita 200 au 300 mbele kwenye tuta. Kila mmoja ashike dira, na ndege akivuma kila mmoja aandike nyuzi za upande anaoukisia pamoja na saa kamili. Chora mistari miwili kwenye ramani. Inapokatana ndipo alipo. Rudieni mara tatu kabla ya kuamini. Wanaohesabu madume hawa kitaalamu hutumia njia hiyo hiyo, kwa sababu ndege mwenyewe haonekani. Huhesabiwa kwa sauti.

Na hesabu yenyewe inafaa kila mgeni wa Ham Wall aijue. Ndege huyu alishatoweka Uingereza kama mzalishaji katika karne ya 19, akarudi Norfolk mwaka 1911, akaongezeka, kisha akaporomoka tena mpaka mwaka 1997 yakasikika madume 11 tu nchi nzima. Sababu ilikuwa maji. Matete yakiachwa miaka mingi, majani yanayooza hupandisha ardhi, kinamasi kinageuka kichaka kikavu, samaki wanaondoka, na ndege huyu huvua pale pale matete yanapokutana na maji. Ham Wall ilitengenezwa kwa makusudi kuanzia mwaka 1994 katika mashimo yaliyoachwa na wachimbaji wa mboji: yakapandwa matete, ikachimbwa mifereji, na maji yakawekewa milango ya kupandisha na kushusha. Leo madume wanaonguruma Uingereza wamepita 200. Unaposimama pale gizani unasikiliza kazi ya watu waliobeba miche ya matete kwa mikono.

Swali: Naongoza watu 14, wakiwemo watoto wanne na bibi mmoja mwenye mkongojo. Naogopa tutakuwa kama msafara wa harusi. Niwapange vipi, na tuanzie upande gani? (Msomaji, Bristol)

Jibu: Anza na jua. Kituo cha magari kiko Ashcott Corner, kando ya barabara, na tuta la reli linakwenda pande mbili: mashariki ndiyo Ham Wall, magharibi ng'ambo ya barabara ni Shapwick Heath. Vikundi vingi huingia Ham Wall na kukaa huko mpaka saa tatu, jua likiwa usoni muda wote, na kila bata akiwa kivuli cheusi kisicho na rangi. Sikilizeni Ham Wall gizani, kusikiliza hakuhitaji mwanga. Jua likishatoka, geukeni, vukeni barabara, mwende Shapwick Heath mwanga ukiwa mgongoni. Rudini Ham Wall baada ya saa nne, jua likishapanda juu.

Bibi asiwafuate ninyi. Ninyi ndio mmfuate. Njia haina vilima, na vibanda vya kutazamia vina mabenchi. Mpeni mtu mmoja atembee naye muda wote, kisha mwendo wake uwe ndio mwendo wa kikundi. Kiongozi mbele, mtu mzoefu nyuma, watoto nyuma ya kiongozi moja kwa moja ili waone kabla ndege hawajaruka. Watu 14 gawa makundi mawili ya 7, yaachane mita 100. Kundi la nyuma halipotezi: ndege walioshtuka hurudi baada ya dakika chache.

Jambo linalowavuruga sana Waswahili ni kuelekezana kwa saa. Waingereza wakisema ndege yuko kwenye saa tatu, wanamaanisha namba 3 kwenye uso wa saa, yaani kulia kwako. Sisi saa tatu yetu mshale uko kwenye 9, yaani kushoto. Katika kikundi kinachochanganya lugha, nusu ya watu watageuka upande usio. Kubalianeni kabla ya kuondoka: semeni namba, si saa. "Namba 2, juu ya mti uliokatwa kichwa." Na mbele daima ni mbele ya njia, si mbele ya anayesema.

Kibandani, fungueni madirisha polepole, mikono na lenzi zisitoke nje, na kila mtu akae angalau dakika 20. Ndege wa karibu hutokea baada ya watu kunyamaza.

Swali: Darubini yangu inaingia ukungu kila nikiiweka machoni, na hata ikisafika picha ya jicho la kulia haikai sawa. Ni 10x50, niliuziwa kuwa ndiyo kubwa. (Msomaji, Taunton)

Jibu: Ukungu wa nje unatokana na joto la uso na pumzi yako kukutana na kioo baridi. Usiishike darubini chini ya kidevu, pumulia pembeni, na kati ya kutazama na kutazama iache wazi kifuani, isiwe ndani ya koti. Ukirudi kwenye gari lenye joto itaingia ukungu tena. Iache ndani ya mkoba uliofungwa mpaka ipate joto taratibu. Ukungu ukiwa *ndani* ya lenzi, hapo unyevu umeshapenya na inahitaji fundi. Usifute kwa pindo la shati. Puliza vumbi kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa chake, la sivyo chembe za mchanga zitachora kioo.

Jicho la kulia halijapimwa. Tafuta kichwa cha tete kilicho mita 50 hivi. Ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, tazama kwa macho yote mawili, zungusha gurudumu la katikati mpaka kushoto kukolee. Kisha ziba ya kushoto, usiguse gurudumu tena, zungusha pete ndogo ya jicho la kulia mpaka nako kukolee. Kumbuka alama ya pete hiyo. Haitahitaji kuguswa tena. Anayevaa miwani akunje vikombe vya mpira vya machoni, vinginevyo ataona duara dogo tu.

Kuhusu ukubwa: 10 ni mara inazokuza, 50 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Inakuza pia mtetemo wa mkono, na ni nzito. Kwa kinamasi 8x42 ni bora, inaonyesha eneo pana zaidi, na kipanga akipita juu ya matete unampata mara moja. Ushauri wetu: ukibahatika kubadilishana na mtu, badilisha.

Swali: Tulihesabu bata wa ziwa moja mara tatu, tukapata 212, 260 na 187. Tuandike ipi? (Msomaji, Bristol)

Jibu: Inategemea bata gani. Machi bado wapo wa majira ya baridi: bata wadogo wenye bawa la kijani, wenye mdomo mpana kama mwiko, na wazamiaji. Wanaochuma juu ya maji wanahesabika. Hesabu 10 mmoja mmoja, kariri kundi hilo linavyoonekana kwa ukubwa, kisha pima ziwa lote kwa makundi ya namna hiyo kutoka kushoto kwenda kulia bila kurudi nyuma. Watu wawili wahesabu bila kusikilizana. Zikikaribiana, chukueni wastani.

Wazamiaji wahesabiwe peke yao. Wakati wowote baadhi yao wako chini ya maji, kwa hiyo wastani utawapunja. Hesabuni mara tatu kwa haraka na mwandike idadi ya juu kabisa. Vipanga wa kinamasi ni kinyume chake: dume na jike huzunguka eneo kubwa, na ukiandika kila uliyemwona utapata 9 mahali palipo na 3. Andikeni idadi ya walioonekana kwa pamoja, tena kwa jinsia. Dume ana mabawa ya kijivu yenye ncha nyeusi, jike ni wa kahawia mwenye kichwa cha rangi ya maziwa. Kila orodha iwe na saa ya kuanza, saa ya kumaliza, upepo na idadi ya watazamaji. Bila hivyo namba zenu hazilinganishiki na za mwaka ujao.

Swali: Huku Voi mbayuwayu wanaanza kuondoka Machi. Je, ndio hao watakaowakuta wenzetu kwenye kinamasi hicho? (Msomaji, Voi)

Jibu: Ni aina ile ile, ila kwa kawaida si wale wale. Mbayuwayu wa Uingereza hukaa msimu wa baridi Afrika Kusini. Tunalijua hilo tangu yule aliyevishwa pete Staffordshire mwaka 1911 akapatikana Natal, Desemba 1912. Wengi wanaokaa Afrika Mashariki ni wa Ulaya mashariki na Urusi. Machi, wa kwanza kufika Ham Wall huwa mbayuwayu wa kahawia wa kingo za mito, anayetoka ukanda wa Sahel.

Lakini ninyi wa Tsavo mna ndege wa matete wa kujivunia. Mwimbaji mdogo wa kahawia wa vinamasi vya Ulaya hupita kwenu Novemba na Desemba, na huko Ngulia, usiku wa ukungu usio na mwezi, taa za hoteli huwateremsha kwa maelfu. Kazi ya kuwavisha pete imekuwa ikifanyika hapo tangu 1969. Dume wa aina hii huiga ndege wengine. Françoise Dowsett-Lemaire, katika utafiti wake wa Ubelgiji uliochapishwa 1979, aligundua kwamba dume mmoja huiga kwa wastani aina 76 za ndege, na zaidi ya nusu yao ni wa Afrika. Hujifunza akiwa mchanga, katika safari yake ya kwanza. Kwa hiyo mwezi wa Juni, kwenye matete ya Ubelgiji, husikika sauti za ndege wa vichaka vyetu. Wasafiri wa Machi hawatamkuta. Hafiki Ulaya mpaka Mei.

Swali: Ni kweli kwamba kekeo wa Uingereza hukaa kwetu Kongo? (Msomaji, Kisangani)

Jibu: Kweli kabisa. Tangu 2011 wamekuwa wakifungwa vifaa vya setilaiti, na wakaonekana wakikaa misitu ya bonde la Kongo. Mwishoni mwa Machi wengi wako Afrika Magharibi wakijinenepesha kabla ya kuvuka Sahara. Uingereza hufika kuanzia mwishoni mwa Aprili.

Swali: Kuna ndege anayepasua masikio kichakani kando ya njia, jina lake Cetti, na haonekani hata umsubiri vipi. Je, nimchezee sauti yake kwenye simu atoke? (Msomaji, Wells)

Jibu: Hapana. Machi ameshashika eneo lake, na akisikia dume mgeni ataacha kula na kufukuzana na simu yako. Yeye, ngojamaliko na kipanga wa kinamasi wamo kwenye orodha ya ulinzi maalumu ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981. Kuwasumbua kwenye kiota ni kosa la jinai.

Ipo njia bora. Akishapiga mlipuko wake mmoja wa sauti, hakai pale pale. Anahama. Usitazame kichaka alikoimba. Tafuta pengo kati ya kichaka hicho na kinachofuata kando ya mfereji, elekeza darubini hapo ikiwa imeshakolezwa, na usubiri. Atavuka chini, karibu na maji, mkia mpana wa kahawia nyekundu ukiwa umeinuka, kwa muda wa kupepesa jicho.